Nilikula kwa Niaba ya Marehemu

Sasa naweza kuandika. Mwezi uliopita daktari aliangalia majibu ya damu yangu, akayaweka pembeni, akaanza kuniuliza habari za kazi. Mtu aliyeishi na sukari tangu utotoni anajua kwamba daktari akifikia kukuuliza habari za kazi, mambo yametulia. Nilikwenda kukaa ndani ya gari, nikalia kidogo, halafu nikapita dukani kununua mchicha.

Nawaandikia wazazi wa kwetu, na yeyote anayelea mtoto ambaye kila mgeni akiingia anasema, mashallah, amenawiri. Mambo ya kitaalamu waulizeni wenye taaluma zao. Mimi nitasema yaliyonipata, na mengine nikiyasema nasikia nywele zinasimama mpaka leo.

Sisi ni Wahindi wa Tanga. Nyumbani tulisema Kikachi, lugha ya wazee wetu, tukigombana na Kiswahili tukipatana, na Texas tulikuja navyo vyote viwili. Baba alipata kazi kwenye duka la kituo cha mafuta huko Mesquite, Mama akawa anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na mimi, Nasrin, mtoto wa pekee, nikabaki na Dadi. Dadi ni mama yake Baba. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye amri, na alikuwa na marehemu wengi.

Desturi yenyewe ni hii. Alhamisi alasiri unapika chakula alichokipenda marehemu wako, unachoma ubani, unakisomea Fatiha, halafu unampa mtoto ale, na thawabu zinamfikia aliyetangulia. Tanga haikuwa taabu. Dadi akifungua mlango tu, watoto wa mtaa mzima wameshajaa barazani, kila mmoja anapata kipande chake na kukimbia. Hakuna aliyevimbiwa.

Mesquite hakukuwa na baraza. Kulikuwa na ghorofa, maegesho ya magari, na milango iliyofungwa. Alhamisi ya kwanza Dadi alimpelekea jirani sahani ya ladu, vile vitamu vya mviringo alivyopenda Babu, na jirani, mama wa watu, akaipokea kwa mikono miwili na kucheka vizuri. Kesho yake Baba alikwenda kutupa taka na Dadi akamfuata nyuma, na ndani ya pipa wakaziona ladu zetu zote, hazijaumwa hata moja. Dadi alisimama pale mpaka Baba akamshika mkono kumrudisha ndani. Kwake yeye, mumewe ndiye aliyetupwa mle.

Tangu siku hiyo hakuuamini mdomo mwingine isipokuwa wangu. Nikala za Babu, nikala kalimati za kaka yake Babu, nikala bajia za bibi mmoja ambaye hata uhusiano wetu naye sikuujua. Na nikala wali wa maziwa wa Zarina. Zarina alikuwa binti wa kwanza wa Dadi, aliyekufa akiwa na miaka kumi na moja. Alikufa kwa ugonjwa gani, hakuna aliyesema. Ukiuliza unajibiwa kwamba alikonda tu, halafu mtu anabadilisha mazungumzo. Kwa hiyo kwetu kukonda lilikuwa jina la ugonjwa, na unene ulikuwa salama.

Nikimaliza sahani, Dadi alikuwa anainama karibu na kuniuliza, “Ameshiba?” Siyo umeshiba. Ameshiba. Mwanzoni nilikuwa nasema ndiyo haraka haraka nikatazame televisheni. Baadaye nikaanza kusikiliza kwanza kabla sijajibu. Siwezi kueleza vizuri nilikuwa nasikiliza nini. Kulikuwa na njaa pembeni ya njaa yangu, na niliweza kujua ya kwangu imekwisha na ile nyingine bado. Nikisema bado, Dadi anaongeza.

Halafu ikaja siku ya iliki. Nilikuwa nakula ule wali wa maziwa, akili yangu iko kwenye katuni, na nilipoinua macho Dadi alikuwa ameganda na kijiko mkononi. Nilikuwa nimezitoa iliki zote na kuzipanga kwenye ukingo wa sahani, moja moja, zimeelekea upande mmoja. Sikukumbuka kuzipanga. Dadi aliniuliza nani alinifundisha. Nikasema hakuna. Akakaa chini taratibu, akaniambia Zarina alikuwa hali iliki, alikuwa anazipanga hivyo hivyo. Tangu hapo Alhamisi ikazaa Jumatatu, na Jumatatu ikazaa Ijumaa, maana Dadi alikuwa anaota Zarina ana njaa, na Dadi akiota, jiko linawaka.

Nilinenepa mpaka nguo za shule zikawa zinanunuliwa sehemu ya akina mama. Mapaja yalichubuka kwa kusuguana. Nikipanda ngazi za ghorofa yetu nilikuwa nasimama katikati nikijifanya natazama magari. Wageni wa kwetu walinifinya mashavu wakampongeza Mama, na Mama akatabasamu kwa meno tu, kwa sababu yeye alikuwa ameshaanza kuogopa. Shuleni nilikuwa nimezoea kusema “tuna njaa”, “tumechoka”, mpaka mwalimu akaniuliza taratibu mimi na nani. Muuguzi wa shule akampigia Baba simu.

Wakati huo huo shingo yangu ikaanza kuwa nyeusi. Ulikuwa mstari mweusi kama masizi, laini ukiugusa, umezunguka shingo nzima. Dadi alidhani ni uchafu. Alinisugua kwa unga wa dengu na ndimu, akanisugua kwa dodoki mpaka nikalia, na mstari ukabaki pale pale, tena ukashuka kwapani. Basi akasema ni jicho. Akanizungushia pilipili kavu na chumvi kichwani, akazitupa kwenye kikaango cha moto. Kwa kawaida pilipili ikiungua nyumba nzima inakohoa, na kama haikohoi, ndipo unajua umepigwa jicho. Sisi hatukukohoa. Kilichokohoa ni king'ora cha moshi, na wazimamoto wakaja na gari lao zima, wamevaa makofia, wakamkuta Dadi na kikaango anawaambia kwa Kiswahili kwamba hakuna moto, kuna hasidi. Baba aliona aibu wiki nzima. Mimi na Mama tulicheka mpaka tukashikana, na hayo ndiyo yalikuwa machozi yetu ya mwisho ya furaha kwa muda mrefu.

Majira ya kuchipua tukapelekwa kwa daktari wa watoto huko Fort Worth. Viti vya pale mapokezi vilikuwa na mikono, na nilipokaa mikono ile ikanibana pande zote mbili. Nilipoitwa, nikainuka na kiti. Mama mmoja Mkongo aliyekuwa kando yangu akaweka chini mfuko wake, akakivuta kile kiti kimya kimya, kisha akahamia mwenyewe pale na kuniachia benchi lake lisilo na mikono. Dadi alifurahi kusikia Kiswahili, hata kama kilikuwa cha kwao. Yule mama alimsifu kwamba mutoto ananenepa muzuri, wa kwake anakataa kula, na Dadi akanitazama kwa fahari. Mimi nilikuwa natazama samaki kwenye kioo chao cha maji.

Daktari alikuwa mwanamke mtu mzima, mpole wa mikono. Hakuanza na mizani. Aliinua nywele zangu akaitazama shingo, kisha akatazama na kwapa. Aliponipima uzito alinigeuza nizipe namba mgongo ili nisizione, akazisema polepole kwa Mama tu. Mpaka leo namshukuru kwa jambo hilo dogo. Alisema shingo ile si uchafu, ni mwili unaotoa taarifa. Sukari haijafika lakini iko njiani, na tukiendelea hivi itanikuta bado mtoto. Akaagiza nipunguziwe wali na vitamu, nitembee kila siku, nirudi kila majira yakibadilika.

Mambo yakawa magumu nyumbani. Mama akafunga sukari kabatini, Dadi akanunua nyingine. Mama akasema mtoto atakufa. Dadi akasema yeye ndiye anayejua mtoto anavyokufa, Mama hajui kitu. Baba akawa anarudi kazini na kukaa ndani ya gari pale nje, taa zimezimwa, mpaka aone tumetulia. Waliacha kugombana kwa Kikachi, wakaacha kuzungumza kabisa, na mimi nikawa napeleka maneno kutoka chumba hadi chumba.

Kiangazi Baba akanipeleka Houston kwa Shangazi, mdogo wake wa kike aliyezaliwa baada ya Zarina kufa. Kule kuna watu wetu tele. Alhamisi Shangazi alikuwa anaandaa sinia moja na watoto wa ndugu na majirani wakalivamia, nikipata vitonge viwili nina bahati. Mchana tulikuwa tunaogelea, jioni tunazunguka mtaani kwa miguu na joto lile la kunata. Suruali zikaanza kunilegea. Lakini pembeni ya njaa yangu kukawa kimya, na kwa kweli nilikuwa namkumbuka yule mwenzangu, nikawa najisikia kama chumba kilichohamwa.

Alhamisi moja simu ikalia, Shangazi akanipa. Dadi hakunisalimia. Alisema, “Rudi. Zarina analia huku.” Nyuma ya sauti yake nikasikia mtoto kweli analia. Shangazi alisema ni wa jirani, au televisheni. Huenda. Lakini mate yalinijaa mdomoni pale pale, matamu, ya maziwa na zafarani, na nikamwomba Shangazi anirudishe.

Nilirudi shule zilipofunguliwa, na Dadi akaanza upya kwa siri, Mama akiwa kazini. Uzito wote ukarejea na mwingine juu yake. Halafu, majani yalipoanza kukauka, ikaja kiu. Nilikuwa nakunywa kwenye bomba la bafuni nimeinamisha kichwa, nakunywa, napumzika kidogo, nakunywa tena. Nikaanza kukojoa kitandani, msichana wa darasa la sita. Jambo lililonishangaza ni Dadi. Yeye aliyenibembeleza nile alikuwa akiniona na kikombe cha maji ananinyang'anya. “Acha maji, utakojoa,” alikuwa anasema, na maji anayamwaga. Kisha, licha ya kula kote kule, uso wangu ukaanza kupungua. Dadi aliuona kabla ya mtu yeyote. Alikuwa ananishika kidevu, ananigeuza kwenye mwanga wa dirishani, anasema jina ambalo si langu.

Siku ya miadi ya majira ya baridi Mama hakupata ruhusa kazini. Asubuhi palikuwa na ubishi wa nani ataendesha gari, mwishowe Baba akatushusha mlangoni akakimbilia dukani. Kwa hiyo chumbani kwa daktari tulikuwa mimi na Dadi, na mkalimani nilikuwa mimi. Walinitoboa kidole, na daktari alipoona namba akavuta kiti akakaa karibu kabisa. Aliniambia sukari imefika. Akataka nimuulize bibi yangu kama kuna mtoto mwingine katika ukoo aliyewahi kuumwa hivi.

Nikamuuliza. Dadi akasema watoto wetu hawakuwa na maradhi ya wazee. Daktari akaniambia nimuulize kwa njia nyingine: mtoto aliyekuwa na kiu isiyoisha, anayekojoa sana, anayekonda ingawa anakula.

Nilipokuwa naligeuza swali hilo kwa Kiswahili nikaona kwamba nalijua jibu lake. Dadi alikuwa anatazama viatu vyake. Mashine ya hewa ya moto ilikuwa inanguruma juu ya vichwa vyetu, na mimi, mwenye mafuta yote yale, nikasikia baridi upande mmoja tu wa mwili.

“Mwambie kulikuwa na sisimizi,” Dadi akasema. “Kila alipokojoa Zarina, sisimizi walikuja. Tukadhani ni uchawi.”

Nikamwambia daktari habari ya sisimizi. Akafumba macho kidogo. Alisema huenda wakati ule, mahali pale, hakuna ambaye angeweza kumponya; na aina ya sukari yake na yangu si lazima iwe moja. Nikamwambia Dadi. Hakutikisika.

“Mwambie aliniomba maji,” akasema. “Tuliona maji ndiyo yanamkojoza, tukamfichia mtungi. Aliniomba mpaka sauti ikakauka. Mwambie.”

Hilo sikuligeuza. Daktari alisubiri, akanitazama, kisha akasimama, akajaza kikombe cha karatasi kwenye bomba na kumpa Dadi, akidhani labda anaomba maji. Dadi alikishika mpaka Baba alipokuja kutuchukua, na hakunywa.

Yaliyofuata kwenye matibabu yalichukua miaka, na nitayasema kwa kifupi kwa sababu ndiyo mtakayoyahitaji. Vidonge vilinivuruga tumbo mwanzoni, halafu nikavizoea. Kutoboa kidole kunauma ukikaa unakusubiri, ukifanya haraka hakuumi. Msimwagize mtoto peke yake asile. Nyumba nzima ibadili chungu. Baridi ikizidi au jua likizidi, tulikwenda kutembea ndani ya jengo kubwa la maduka kabla hayajafunguliwa, mimi, Mama, na Dadi na raba zake nyeupe chini ya shalwari. Shingo ilichelewa kuliko vyote kurudi rangi yake. Kuna majira mawili mazima sikupungua chochote, na daktari akasema si neno, nilikuwa narefuka. Lakini dawa hizo zote zisingefanya kitu bila Alhamisi iliyofuata ile safari ya Fort Worth, na hiyo lazima niiseme yote.

Niliporudi kutoka shule siku hiyo nyumba haikunukia chakula. Ubani ulikuwa unafuka. Mezani palitandikwa kile kitambaa cheupe, na juu yake kulikuwa na jagi la maji na bilauri moja, basi. Dadi alikuwa amevaa nguo za kutokea. Akaniambia nikae mahali pangu. Akasoma Fatiha kwa sauti ya chini, akamimina maji mpaka ukingoni, akanisogezea kwa mikono yote miwili. Hakuwa ananitazama mimi. Macho yake yalipita usoni pangu yakaenda ndani, kama mtu anayechungulia dirishani kwa watu.

“Kunywa, Zarina,” akasema. “Kunywa utakavyo, hakuna wa kukuzuia. Nisamehe, mwanangu.”

Nilikuwa nimeshaelewa anataka nini, na maneno yalikuwa yameshafika kwenye ulimi wangu: nimekusamehe, Ma. Sisi nyumbani hakuna aliyekuwa anamwita Dadi Ma. Hata sauti ilikuwa tayari, nyembamba kuliko yangu, na ningefungua mdomo tu ingetoka. Dadi angepumzika. Nilimpenda, nilitaka apumzike. Nikaitazama mikono yangu mezani, minene, na vidole vyenye alama ndogo nyekundu za sindano, nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, kwa sababu nilijua nikisema neno hilo mwili huu hautarudi kuwa wangu tena.

“Dadi,” nikasema. Sauti ilikuwa yangu. “Mimi Nasrin. Zarina amekufa.”

Kisha akashika ukingo wa meza akaanza kulia, na nilikuwa sijawahi kumwona akilia, hata alipozikwa Babu. Alilia kilio cha msibani, chenye jina ndani yake, kama aliyeletewa habari asubuhi ile. Niliogopa kumgusa. Nilikaa tu pale na yeye, ubani ukaisha, na nje magari ya watu wanaotoka kazini yakaanza kuingia moja moja. Sikumsikia mtu mwingine yeyote chumbani.

Alipotulia akajifuta kwa ncha ya mtandio. Akanitazama tena, safari hii polepole, mashavu, mabega, shingo yangu na masizi yake, akaninyooshea mkono akaniweka nywele nyuma ya sikio.

“Nasrin,” akasema. “Wewe una njaa?”

Hakuwahi kuniuliza hivyo. Nilisikiliza kwanza, kwa mazoea, nikangoja, na nilichokisikia kilikuwa tumbo langu peke yake.

“Sina, Dadi,” nikamwambia, na ilikuwa kweli.